Nyumba Tupu Isiyochakaa: Kitisho cha Mahame ya Pate na cha Filamu za Kale za Waingereza

Utangulizi

Ipo aina ya hadithi isiyohitaji mengi ili kumtia mtu baridi: nyumba kubwa, wenyewe hawapo, na ndani yake mna kitu kisichotaka kunyamaza. Waingereza waliitengenezea hadithi hii filamu kadhaa katika karne ya 20, na baadhi ya filamu hizo zingali zinatazamwa leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotoka. Katika visiwa vya Lamu, nyumba hiyo tupu ilikwisha kuingia katika ushairi wa Kiswahili zaidi ya karne moja kabla ya filamu hizo.

Makala haya yanakusudia kuchunguza kwa nini kitisho cha aina hii hakichakai. Tutaanza na historia ya mahame ya Pate na Manda, kisha tuangalie kazi mbili ambazo kila mwalimu wa fasihi anazijua, yaani Al-Inkishafi na kisa cha Fumo Liyongo. Baadaye tutazilinganisha na filamu mbili za Waingereza, The Innocents na Night of the Demon. Mwisho tutauliza swali linalomhusu mwalimu na mtahiniwa moja kwa moja: hadithi za majini na mizuka zisomwe vipi darasani, katika nchi ambamo wako watu wanaouawa kwa sababu ya imani za namna hiyo?

Mahame na historia yake

Mgeni anayefika visiwa vya Lamu huona mji wa Lamu wenyewe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Lakini visiwa hivi vina miji mingine iliyokufa. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua katika miaka ya 1980 mji ulioanza karne ya 8 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kule Takwa, katika kisiwa cha Manda, msikiti na kuta za mji uliostawi karne ya 16 na ya 17 zingali zimesimama.

Mji wa Pate wenyewe haukufa kabisa. Watu wanaishi humo hadi leo. Lakini Pate ya karne ya 18, iliyokuwa na wafanyabiashara, masharifu na washairi, ilianguka. Mwaka 1728 Bwana Mwengo alikuwa akitunga huko Utendi wa Tambuka. Miaka mia moja hivi baadaye, utajiri ulikuwa umekwisha kuhamia kwingine. Sababu zake zinajulikana. Kwanza, kulikuwa na ugomvi wa ndani juu ya ufalme. Pili, bandari yake haikuwa na kina cha kutosha, na vyombo vilitegemea maji kujaa. Tatu, ni Vita vya Shela vya mwaka 1812 au 1813 hivi, ambapo Wapate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu. Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, ngome ikajengwa, na biashara ikaelekea Lamu na hatimaye Unguja.

Ni muhimu mtahiniwa aishike historia hii kabla ya kusoma shairi lolote. Gofu halikuwa pambo la kufikirika. Mshairi wa Pate au Lamu wa wakati ule aliweza kupita mbele ya nyumba ambayo babu yake alikaribishwa ndani yake kwa kahawa na tambuu, naye akakuta paa limeporomoka.

Isitoshe, si kila hame liliogopwa. Takwa kuna kaburi la mnara lenye tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682, na watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kuvuka kwenda kuomba dua hapo, hasa dua ya mvua. Hame moja linaweza kuwa mahali pa hofu kwa mtoto na mahali pa dua kwa bibi yake. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu wageni walioandika juu ya pwani yetu mara nyingi waliona upande wa hofu tu.

Al-Inkishafi: kitisho bila mzuka

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19. Kazi hii ilipata wasomaji wa nje kwanza kupitia tafsiri ya W. E. Taylor iliyochapishwa katika kitabu cha Stigand mwaka 1915, kisha toleo la Hichens la mwaka 1939, na la James de Vere Allen la mwaka 1977.

Mafunzo ya shairi hili yanafahamika: moyo unaonywa usidanganywe na dunia. Wanafunzi wengi huishia hapo. Wakiulizwa dhamira, huandika kwamba dunia ni mapito, wakapata alama mbili, wakaenda zao. Lakini onyo kwamba dunia ni mapito limesemwa na watu elfu moja, na wengi wao wamesahaulika. Kilichoifanya kazi hii idumu ni namna mshairi alivyoingia ndani ya nyumba.

Tuangalie mbinu yake. Kwanza anatuonyesha nyumba ikiwa hai: taa zinawaka, matandiko ya fahari yametandikwa, wenye nyumba wanatembea kwa maringo. Halafu bila kutuonyesha vita wala tauni, anatuonyesha nyumba ile ile ikiwa tame. Popo wananing'inia darini. Wadudu wanalia kumbini. Vidaka vilivyowekwa vyombo vya kauri sasa vina makinda ya ndege, na bundi analia katikati yake. Anatuachia sauti ndogo ndogo mahali palipokuwa na sauti za watu.

Humo ndani hamna mzuka hata mmoja. Hamna jini, hamna zimwi. Mshairi anautaja moto wa akhera kwa majina ya matabaka yake katika sehemu za mwisho, lakini nyumba za Pate amezijaza wanyama wa kawaida ambao kila mtu amewaona. Kitisho kinatokana na kukosekana kwa watu, pale pale ambapo msomaji anajua watu walipaswa kuwapo. Anayejua mpango wa nyumba ya Lamu, jinsi vyumba vinavyofuatana kutoka msana hadi ndani hadi nyumba kati, ataelewa zaidi. Kadiri mtu anavyoingia ndani ndivyo anavyoingia katika faragha ya familia. Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizi katika miaka ya 1980, alieleza kwamba sehemu ya ndani kabisa ilihusishwa na uzazi na kuosha maiti, na kwamba vyombo vya kauri vidakani vilidhaniwa kuzuia hasadi. Kwa hiyo kidaka kilichopoteza sahani zake kimepoteza pia kinga yake. Msomaji wa siku zile aliyaona hayo bila kuambiwa.

Liyongo kisimani

Kazi ya pili ni Utendi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ingawa kisa chenyewe ni cha kale zaidi na Steere alikwisha kukichapisha kwa nathari mwaka 1870. Wanafunzi wetu hukisoma kama mfano wa mighani, na huorodhesha sifa za shujaa: nguvu, kimo, ujanja wa kutoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Tukio la mwisho hupitwa haraka.

Liyongo anadungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe aliyehongwa. Anaamka, anachukua uta wake, anatoka hadi kisimani, anapiga goti na kuupachika mshale, na katika hali hiyo anakufa. Watu wa mji wanamwona kwa mbali. Wanadhani yu hai na amekasirika. Hakuna anayethubutu kuteka maji, na mji mzima unakaa na kiu. Mwishowe analetwa mama yake amsihi. Ni baada ya mwili kuanguka ndipo watu wanapojua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Sijui tukio lingine katika fasihi yetu lenye taharuki nzito kuliko hili, na linapatikana kwa mambo matatu tu: kisima, mtu aliyepiga goti, na watu wasiojua kama yu hai. Kithaka wa Mberia alipoandika Kifo Kisimani, tamthilia iliyosomwa sana kama kitabu teule katika shule zetu miaka ya 2000, alilirejelea tukio hili katika siasa za kisasa. Picha ya mtu aliyekufa kisimani ilikuwa bado ina kazi ya kufanya.

Filamu za Waingereza

Hebu sasa tuvuke bahari. Nchini Uingereza, wakaguzi wa filamu walianzisha alama ya H kwa filamu za kutisha mwaka 1932, na mwaka 1951 ikachukua nafasi yake alama ya X, iliyowazuia watoto. Mwaka 1958 kampuni ya Hammer ilitoa Dracula, akiigiza Christopher Lee, ikawa na rangi na damu nyekundu ya kung'aa. Filamu hiyo ilipendwa sana. Lakini zile ambazo wahakiki huzirejelea zaidi kwa ufundi wa kutisha zilikwenda njia nyingine.

The Innocents ilitolewa mwaka 1961, mwongozaji akiwa Jack Clayton, na msingi wake ni hadithi ya Henry James ya mwaka 1898. Mwanamke anaajiriwa kuwalea na kuwafundisha watoto wawili, Flora na Miles, katika jumba kubwa la mashambani. Mjomba wao anakaa London na hataki kusumbuliwa. Mlezi anaanza kuwaona watu wawili: mtumishi wa kiume na mlezi aliyemtangulia, ambao wote wamekufa. Mmoja anaonekana ng'ambo ya ziwa mchana kweupe, amesimama kimya katika matete. Je, wapo kweli, au wamo katika kichwa cha mlezi? Filamu haitoi jibu. Mlezi anapata yakini kwamba watoto wamepagawa, anamshurutisha Miles akiri, na mtoto anamfia mikononi.

Night of the Demon ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Jacques Tourneur kutokana na hadithi ya M. R. James, inamhusu msomi wa Kimarekani anayekuja Uingereza kufichua ulaghai wa mtu anayedai kuwa na nguvu za uchawi. Anapenyezewa karatasi yenye maandishi ya kale, na anaambiwa kwamba mwenye karatasi hiyo atakufa siku fulani. Mtazamaji wa pwani hahitaji kuelezwa karatasi yenye maandishi inaweza kubeba nini; hirizi anaijua. Filamu hii ina kasoro moja inayozungumzwa hadi leo: shetani mwenyewe anaonyeshwa waziwazi tangu mwanzo. Wengi wameona kwamba alipoonekana alitisha kidogo kuliko karatasi iliyokuwa ikipeperuka kuelekea motoni.

Ukiziweka kazi hizi nne pamoja, sababu ya kwanza ya kudumu kwake inajitokeza. Zote huzuia kitu. Al-Inkishafi inawazuia watu, kisa cha Liyongo kinazuia habari ya kifo, The Innocents inazuia jibu, na Night of the Demon hutisha zaidi pale inapozuia umbo. Msomaji hujaza pengo kwa hofu yake mwenyewe, na kwa kuwa kila kizazi kina hofu yake, pengo hilo halijai. Damu ya Dracula ya mwaka 1958 iliwashtua watu wa mwaka 1958. Leo kijana anaitazama bila kushtuka.

Nani anarudi nyumbani?

Ipo sababu ya pili, nayo ni ya kihistoria zaidi. Katika The Innocents wanaorudi ni watumishi. Mwenye jumba yuko mbali, anaishi kwa raha, na hana habari. Katika hadithi ya Henry James, wazazi wa watoto hawa walifia India, yaani katika himaya. Waliokuwa wakivuliwa viatu na kufunguliwa milango wameondoka, lakini waliowavua viatu wangali wamesimama dirishani. Mtazamaji Mwingereza wa mwaka 1961, ambaye huenda bibi yake alikuwa kijakazi katika jumba kama hilo, alikuwa na sababu ya kutikisika.

Tukirudi Pate tuulize swali lile lile. Al-Inkishafi inawataja wakandaji, wapepezi na wanawake waimbaji waliowabembeleza matajiri wapate usingizi. Wanatajwa kama sehemu ya raha ya mwenye nyumba. Nyumba inapoanguka, mshairi anauliza matajiri wamekwenda wapi, na jibu ni kaburini. Wale wapepezi hawaulizwi. Tunajua kwamba uchumi wa miji hii na wa mashamba ya bara iliyo mkabala nayo ulitegemea watumwa, na kwamba utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Waliochoma chokaa na kubeba mawe ya matumbawe hawana beti zao.

Kusema hivi si kumlaumu Sayyid Abdallah kwa kutokuwa mtu wa leo. Alikuwa na lengo lake la kidini na alilitimiza. Lakini mhakiki ana haki ya kuona mahali ambapo shairi limenyamaza. Aidha, waliosahaulika katika ushairi wa makabaila walipata njia nyingine ya kurudi. Katika ngoma za pepo za pwani ya Waswahili kwa jumla, pepo wengi huwa na majina ya watu wa kuja: wamo Wahabeshi, wamo Wabuki wa Bukini, wamo hata Wazungu. Watafiti wengi wameona humo kumbukumbu ya biashara, utumwa na utawala wa kigeni. Huko Uingereza mtumishi alirudi katika filamu. Kwetu mgeni na mtumwa walirudi ngomani.

Yakini inayoua

Kuna mwalimu atakayeuliza: kwa nini tuwafundishe watoto mambo ya majini na uchawi ilhali tunataka wayaache? Hoja hii ina uzito. Katika Kaunti ya Kilifi, iliyoko kusini mwa Lamu katika pwani hiyo hiyo, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi wanaowatuhumu ni jamaa zao wenyewe, huku ugomvi wa ardhi ukiwa nyuma yake. Mwalimu asiyejali jambo hilo hafai kulifundisha somo hili.

Lakini tuangalie tena kazi zenyewe zinasema nini. Katika The Innocents, mtoto hafi mpaka mtu mzima anapokuwa na yakini. Mlezi angebaki na shaka, Miles angeishi. Katika kisa cha Liyongo, mji mzima una yakini kwamba maiti yu hai, na yakini hiyo inawanyima maji. Anayetumwa kumkaribia ni mama yake, ambaye kwake Liyongo si kitisho, ni mtoto. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, inakwenda mbali zaidi: watu wanausingizia mzimu mauaji, naye Bwana Msa anachunguza mpaka anaufikia mkono wa binadamu.

Kwa hiyo hadithi nzuri ya kutisha humzoesha msomaji kukaa na shaka na kuuliza kabla ya kuhukumu. Anayemnyoshea kidole mzee wa jirani ana jibu kabla ya swali. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza nani ameona, ameona nini, akiwa wapi, na nani atafaidika ikiaminiwa, amepata silaha ambayo hotuba ya kupinga ushirikina haimpi.

Darasani na katika mtihani

Mtahiniwa anayekutana na matukio ya kiajabu katika swali la fasihi asikimbilie kuandika kwamba yanaonyesha ushirikina wa jamii. Jibu hilo ni la juujuu na mara nyingi ni la uongo. Afadhali ajiulize mambo manne.

Kwanza, je, kitisho kinaonekana au kinazuiwa? Atoe mfano wa mahali hasa. Pili, ni nani anayesimulia au kuona, na je, tunaweza kumwamini? Hapa ataeleza nafsi ya usimulizi, jambo ambalo watahiniwa hulitaja bila kulitumia. Tatu, mandhari yana historia gani? Nyumba ilijengwa na nani, kwa mali gani, na kwa nini imeachwa? Nne, ni nani aliyenyamazishwa na kazi hii, na je, anarudi kwa njia nyingine?

Mwalimu naye anaweza kuwapa wanafunzi zoezi rahisi. Wachague jengo lililohamwa katika eneo lao, liwe boma la mkoloni, kiwanda kilichofungwa au nyumba ya mtu aliyehamia mjini, kisha waandike ukurasa mmoja wa kulieleza bila kutumia neno hofu, jini wala mzimu. Wanaofaulu ni wale wanaotafuta vitu: kikombe, msumari wa kutundikia kanzu, alama ya moshi ukutani. Baada ya zoezi hilo, beti za Al-Inkishafi zinaeleweka hata kwa mtoto wa Busia ambaye hajawahi kuiona bahari.

Hitimisho

Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kazi katika magofu ya Gede mwaka 1948, aliandika kwamba siku za kwanza alihisi kana kwamba kuna kitu au mtu anayemchungulia kutoka nyuma ya kuta, asiye adui wala rafiki, anayengoja tu. Huyo alikuwa Mwingereza na mtaalamu, na hakusema aliona mzuka. Alisema alichohisi, akaendelea kuchimba, na kwa kuchimba akaongeza tunachojua juu ya watu walioishi humo.

Huo ni mfano mwema kwa msomaji wa fasihi ya kutisha. Baridi unayoihisi mbele ya nyumba tupu usiidharau, kwa sababu inakuambia kwamba waliishi watu hapa. Lakini isikuzuie kuingia ukauliza walikuwa akina nani, pamoja na wale waliokuwa wakipepea.